Chupa ya Wageni

Kabla ya kubisha hodi kwenye nyumba ya kwanza nilisimama kichochoroni, Majengo, nikifanya mazoezi ya salamu. Nilikuwa nimekaa Mombasa miaka mitano, minne ya chuo na mmoja wa kutafuta kazi, na bado salamu za watu wa hapa zilinitia wasiwasi. Kwetu bara unauliza habari, unajibiwa nzuri, mnaendelea na shughuli. Hapa unaulizwa hali, kisha afya, kisha wazee, kisha nyumbani, na kila ukidhani zimekwisha huja nyingine. Niliogopa kujibu ya wazee mahali pa ya nyumbani. Niliogopa pia kwamba fomu zangu zingelowa jasho, kwamba kalamu ingekauka, kwamba ningeingia na viatu.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kujitolea katika mradi mdogo wa mtaa. Haukuwa na gari wala bango. Wenye maduka kadhaa na wastaafu wa bandari walikuwa wamechanga kwa muda mrefu, wakakubaliana kuwachukua watoto thelathini na kuwapa sare, vitabu na chakula cha mchana hadi wamalize shule ya msingi. Swali lilikuwa watoto gani. Mtu mmoja katika kamati alitoa wazo la fomu, na kwa sababu mimi nilikuwa na digrii, nikapewa fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa rahisi. Kila kitu ambacho nyumba ilikuwa nacho kilipata alama: sakafu ya saruji, feni, zulia, vyombo vya kauri, chupa ya chai. Jamaa anayeweza kumsaidia mtoto naye alikuwa na alama yake. Alama zikizidi kiwango, mtoto anaachwa. Niliambiwa kwamba nikiifanya kazi vizuri, mwezi unaofuata ningeajiriwa. Nililala na sentensi hiyo na kuamka nayo kwa wiki nzima.

Nyumba ya kwanza walinipokea kama mtu aliyetoka hija. Zulia lilitandikwa, nikaambiwa nikae kitako, nikaletewa sinia yenye vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, na chupa ya chai yenye maua mekundu. Mpini wake ulikuwa umevunjika zamani na kufungwa kwa waya wa buluu. Nilitia alama: zulia, kauri, chupa.

Nyumba ya tatu nayo ilikuwa na chupa yenye maua mekundu. Nikafikiri ni aina inayouzwa sana hapa. Nyumba ya tano pia, na waya wa buluu. Mimi ni mtu ambaye nikitumiwa ujumbe wenye neno "sawa" peke yake hulichambua hadi jioni kama mwenzangu amekasirika. Lakini waya ule wa buluu niliuona mara tatu siku moja na mara nne siku iliyofuata, na nilichojiambia ni kwamba labda mipini ya chupa hizo ni dhaifu, na fundi wa mtaa ni mmoja.

Nyumba ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwisho, upande wa ukuta wenye mlango mdogo wa bati. Humo aliishi mama mmoja anayeshona kofia za wanaume kwa mkono, tundu baada ya tundu, kwa ajili ya mfanyabiashara wa Mji wa Kale. Alikuwa na mabinti watatu, na wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja. Binti huyo alikuwa amekaa pembeni ya zulia akisoma kitabu kisicho na jalada, na kila nilipoandika alinyoosha shingo kidogo aone nimeandika nini.

"Wapenda kusoma?" nilimwuliza.

"Anasoma hata makaratasi ya vitumbua," mama yake akajibu. "Ukimfungia vitumbua vya moto, yeye asoma kwanza, vyapoa."

Nikacheka, yeye akacheka, nikamiminiwa chai. Nilipofika kwenye swali la jamaa, nilimwuliza kama kuna ndugu yeyote anayeweza kumsaidia binti.

"Tunaye, alhamdulillahi," alisema, akiwa amenyoosha mgongo. "Mwakani huyu yuwaenda Malindi kwa shangazi yake. Nyumba kubwa, ya ghorofa."

Binti aliinamisha kichwa kwenye kitabu. Nikatia alama ya jamaa.

Jioni ile, chumbani kwangu Buxton, nilijumlisha alama za nyumba zote, nikarudia mara tatu. Binti wa mshona kofia alikuwa wa kwanza kati ya walioachwa. Alizidi kiwango kwa alama tatu. Niliandika jina lake chini ya mstari, nikaoga, nikanywa chai kwenye kikombe changu. Nasema kikombe changu kwa sababu nilikuwa nacho kimoja. Tangu nihamie pale hakuna aliyewahi kunitembelea, na sikuwa nimeona haja ya cha pili.

Ingekuwa imeishia hapo kama nisingesahau kitu. Siku tatu kabla ya kamati kukaa, nilipokuwa nakagua fomu kwa mara ya nne, niligundua kwamba kwenye fomu ya mshona kofia sikuandika darasa la binti. Mtu mwingine angeacha. Mimi nilijenga akilini picha ya mwenyekiti wa kamati akiinua karatasi ile mbele ya watu wote. Asubuhi nikarudi Majengo bila kumwarifu mtu.

Mlango wa bati ulikuwa wazi. Nilimwona kabla hajaniona. Alikaa kwenye sakafu ya udongo, kofia gotini. Hapakuwa na zulia. Binti, ambaye saa ile alipaswa kuwa darasani, alikuwa akimpitishia mdogo wake kikombe cha bati, na mdogo akipiga funda anampitishia wa tatu. Zaidi ya mkeka uliokunjwa na jiko la mkaa, chumba kilikuwa kitupu kiasi kwamba niliposema hodi sauti yangu ilinirudia.

"Karibu, karibu mwanangu!" alisema akiinuka haraka. "Hebu nipumzikie hapo barazani kidogo. Ndani mwafagiwa."

Nikakaa barazani. Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi na nyumba zimekaribiana, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"We! Yule wa fomu amerudi!"

"Amerudi kufanya nini?"

"Nitajuaje? Leta chupa."

"Chupa ninayo. Zulia liko kwa mama wa mapacha, na mapacha wamelikojolea."

"Basi leta vikombe, nitamkalisha kwenye mkeka nimwambie zulia limefuliwa."

"Si uongo, limefuliwa kweli. Limefuliwa na mapacha."

Wakacheka kicheko cha kuziba mdomo. Kisha, kupitia upenyo kati ya kuta mbili, niliona mkono wenye bangili ukinyooka juu ya ukuta, na mkononi chupa yenye maua mekundu, mpini wa waya wa buluu.

Nilibaki nimekaa. Naikumbuka vizuri ile hali ya kuelewa kitu polepole kuliko ilivyostahili. Nilikumbuka nyumba saba, nikazipanga. Zulia lilikuwa moja. Vikombe vilikuwa sita, na kimoja kilikuwa na ufa mahali pale pale kila siku. Nilikuwa nimekitia alama kitu kimoja mara saba. Walikuwa wamenitangulia kwa uani, nyumba hadi nyumba, wakinibebea heshima yangu, nami nyuma yao nikiandika kwamba hawana shida.

Nikaingia nikanywa ile chai. Niliuliza darasa la binti, nikaambiwa la sita, nikaandika.

Nilipotoka sikuelekea Buxton. Nilizunguka uani kwa nyuma hadi nikampata mwenye bangili. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mkaanga viazi, akiisuuza chupa kwa maji ya moto. Aliniangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Umepotea au umefuata harufu?"

"Nimefuata chupa," nikasema.

Akaacha kusuuza.

Nilianza kujieleza. Nilieleza fomu, alama, kiwango, nikasema samahani mara nyingi, na kadiri nilivyoongea ndivyo maneno yalivyonigeukia.

"Pole pole, mwanangu. Kiswahili chako kama gari bovu, chaenda chasimama." Akanisukumia kigoda. "Hivi kwenu mgeni akija mwamkalisha chini mkamwambia hatuna kitu?"

"Lakini mimi sikuwa mgeni. Nilikwenda kuuliza kama wana kitu."

"Ulibisha hodi?"

"Nilibisha."

"Basi ulikuwa mgeni."

Chupa ile, alinieleza, ilitoka kwenye harusi yake mwenyewe. Ikavunjika mpini, akaifunga waya, na kidogo kidogo ikawa ya kichochoro kizima. Posa ikija, inakwenda. Msiba ukitokea, inakwenda. Mwalimu akija kulalamikia mtoto, inakwenda mbio.

"Na Malindi?" niliuliza. "Shangazi mwenye ghorofa?"

Alikausha chupa kwa upande wa leso yake, taratibu sana. "Ghorofa ipo. Ya watu. Shangazi yake ni mfuaji hapo. Mtoto yuwaenda kumsaidia kufua." Akainua macho. "Shuleni wameshamrudisha mara mbili kwa sababu ya sare. Mamake akamalizia kwa kusema yeye mwenyewe amemtoa, ampeleka Malindi. Ukimtia kwenye hiyo karatasi yako, haendi. Usipomtia, shule ikifunga anapanda gari."

Nilisema basi nitaiambia kamati ukweli, kwamba vitu viliazimwa.

"Na hizo karatasi zenu mwazisoma wapi?"

"Majina yanasomwa ukumbini. Na sababu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye kisu. "Ukisimama ukasema mama fulani chupa si yake, zulia si lake, umemvua nguo. Hatakubali msaada wako tena. Atampeleka mtoto Malindi kesho yake, hatangoja shule ifunge."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni mkaanga viazi. Wewe ndiye uliyesoma." Lakini nilipofika kwenye kona aliniita. "Siku nyingine, usimwulize mtu ana nini. Ukiniuliza mimi, nitakwambia nina kila kitu. Niulize jirani yangu ana nini. Hapo sitakuficha, maana si aibu yangu."

Siku mbili zile sikula vizuri. Nilitembea kutoka Buxton hadi Mji wa Kale na kurudi, nikizungumza moyoni na kamati. Niliandaa maneno ya kusema bila kusema. "Kuna dosari ya kitaalamu katika upimaji wa mali." Mwenyekiti angeuliza dosari gani. "Baadhi ya vifaa vilihesabiwa mara mbili." Angeuliza vya nani. Kila njia iliishia kwenye mlango wa bati. Jumapili mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani, baada ya kanisa, akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na wenzangu wa kazini," nikasema. Nilikuwa nimekaa kitandani. Nikamsikia akimwambia baba, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, kwamba nina wenzangu.

Nilipokata simu niliwaza: na mimi pia nimefanya kama wao. Tofauti ni kwamba pale Majengo kulikuwa na mkono wa kupitisha chupa juu ya ukuta. Mimi uongo wangu niliubeba peke yangu, hakuna aliyeujua kiasi cha kunisaidia.

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo Mji wa Kale, ghorofani juu ya duka la mikoba. Watu kama arobaini walikuwa wamekuja, wakiwemo wanawake wa kile kichochoro. Mshona kofia alikaa safu ya nyuma, kazi yake mkononi. Mwenyekiti, mstaafu wa bandari mwenye miwani iliyofungwa kamba, alifungua faili langu.

Nikasimama kabla hajasoma.

"Fomu za kichochoro kile si sahihi," nilisema. "Naomba zisisomwe."

"Si sahihi vipi?"

Nilikuwa na sentensi kumi na mbili nimezihifadhi. Hakuna hata moja iliyokuja.

"Sikuingia ndani," nikasema.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Nyumba zipi hukuingia?"

"Zote. Nilikaa nje nikajaza kwa kukisia."

"Mtoto wa watu!" alisema mama mmoja wa kamati, mwenye duka la vyombo. "Umesoma chuo kizima uje utuandikie ngano?"

Watu wakacheka, si kwa furaha. Mwenyekiti hakucheka. "Na tukiwauliza wenyeji kama uliingia, watatwambia nini?"

"Watasema niliingia," nilijibu. "Ni watu wa heshima. Hawatamfedhehesha mtu mbele za watu."

Sikuthubutu kuangalia safu ya nyuma. Nilimtazama yeye na miwani yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na wazo lolote kichwani. Hapo mkaanga viazi aliingilia. Alikohoa, akainuka, akarekebisha buibui lake.

"Mwenyekiti, kwa hisani yako. Mambo ya fomu sisi hatuyajui. Lakini kama zimeharibika, kila mama na aitwe kando, ataje mtoto mmoja asiye wake. Asiulizwe ya kwake. Nitawasikiliza mimi, na wewe ukitaka mweke na mtu wako."

Walibishana kwa nusu saa. Mmoja alisema watu watapendeleana. Mwenye duka la vyombo akasema, "Wapendeleane vipi na wamekatazwa kutaja wao?" na hilo likawanyamazisha. Wakakubali. Mwishoni mwenyekiti alinifuata ngazini. Alikuwa mpole, jambo lililonitesa zaidi kuliko ukali.

"Binti yangu, ile ajira sitaweza kuitetea. Waelewa."

"Naelewa."

"Ungekuwa umechoka, ungesema tu."

Nikamwambia nilikuwa nimechoka.

Kazi ya kutaja ilifanyika kwa siku tatu, uani kwa mkaanga viazi, mmoja mmoja, kila aliyekuja akimiminiwa chai kwenye chupa yenye maua mekundu. Sikuwepo. Yeye ndiye aliyenisimulia, siku niliyopita kununua viazi nikijifanya napita tu. Binti wa mshona kofia alitajwa na nyumba sita.

"Na mamake alimtaja nani?" niliuliza.

"Pacha mmoja wa jirani. Alikaa muda mrefu, mwisho akataja mmoja. Akasema akitaja wote wawili itaonekana amezidisha." Akanifungia viazi. "Wewe mbona huji kunywa chai?"

Nikasema nitakuja. Sikwenda. Kila nilipopanga niliwaza wale wanawake wengine watanionaje, mimi niliyesema mbele ya watu kwamba sikukanyaga milangoni mwao. Niliwaza kama nao wangelazimika kujifanya, na kama kujifanya kwao kungewachosha. Nikawa napita njia nyingine.

Baada ya miezi miwili nilipata kazi katika duka la vitambaa Biashara Street. Nakata, nakunja, naandika risiti. Wenzangu wawili wanajuana tangu utotoni, wanaongea juu ya kichwa changu kama mimi ni kaunta, bila ubaya wowote. Mchana wao huenda makwao kula na mimi hubaki kulinda duka.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mchana kama huo, aliingia mshona kofia na binti yake wa kwanza. Binti alikuwa amevaa sare mpya, bado ina mikunjo ya kiwandani, na soksi amezivuta hadi magotini. Walitaka kitambaa cheupe cha mtandio wa shule.

"Masalkheri," alisema mama.

"Masalkheri."

"U hali gani?"

"Njema. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Wazee wako hawajambo?"

"Hawajambo." Nilizijibu zote na hata moja haikunipotea. Alizisema kama anavyozisema kwa mwenye duka yeyote, na usoni mwake hapakuwa na kitu cha kushika.

"Mwamkie dada," alimwambia binti.

"Shikamoo." Binti alikuwa akinitazama, akaitazama kalamu yangu, akanitazama tena. "Mama, si ni yule wa fomu? Aliyekuja kwetu?"

Nilikuwa nimeshika mkasi. Mama alikuwa ameinama akiupima weupe wa kitambaa kwa vidole, vidole vyenye alama za sindano, na hakuinua kichwa.

"La, mwanangu," alisema. "Yule hakuingia kwetu."

"Lakini mama—"

"Hakuingia. Alisema mwenyewe." Kisha akaniangalia, mara moja tu, macho kwa macho, muda wa kutosha kupitisha kitu juu ya ukuta. "Au siyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Sijawahi kufika."

"Basi siku moja ufike," alisema, na akarudi kwenye kitambaa.

Nilikata mita moja, nikamwongezea robo ambayo hakuiomba, nikakunja vizuri, nikafunga kwenye gazeti. Binti akakipokea kifurushi, na kabla hawajavuka mlango nilimwona amekiinua usawa wa macho, anasoma gazeti. Waliingia katika watu wa Biashara Street. Niliwafuata kwa macho hadi sare ikapotea kati ya leso zilizotundikwa, kisha nikafagia vipande, nikakaa. Saa nane ilikuwa bado, na wenzangu hawakuwa wamerudi.